Dundu wa Kuazimwa

Sokoni Kebirigo walisema sitamaliza mwaka. Wengine walikubali kwamba nitafika Ulaya, lakini baridi itanishinda na nitaletwa nyumbani nimefungwa blanketi kama mgonjwa. Wengine walisema lugha ya huko itanigomea mdomoni. Mjomba wangu wa Marani, kaka yake mama, hakujali baridi wala lugha. Aliuliza nakwenda kusomea nini. Nilipomwambia nakwenda kusomea wadudu wa miti na mashamba, alicheka mpaka ugoro ukampalia.

"Watu wanavuka bahari kusomea udaktari," alisema akijifuta macho. "Wewe unakwenda kusomea mende. Utarudi na mende mfukoni, na hilo ndilo tutakaloliona."

Nilikuwa kijana wa miaka ya sitini, yatima wa baba, na nafasi ile nilikuwa nimeipata kwa mtihani, si kwa kujuana na mtu. Ufadhili ulilipa safari, masomo na chakula. Haukulipa mavazi. Mtu hawezi kushuka Ulaya akiwa amevaa kaptula ya shule, kwa hiyo mama alinizungusha kwa majirani.

Mzee mmoja wa karibu na kwetu, aliyepigana vita Burma, aliniazima koti lake la jeshi, zito kama mlango. Mama mmoja wa kwaya ya kanisa letu la Kisabato aliniazima sanduku lake la bati, lile alilolitumia siku ya kuolewa. Mwalimu wangu wa shule ya msingi alivua saa mkononi mwake, akanifunga mimi, akasema huko watu wanaishi kwa dakika. Hakuna aliyenipa kitu. Wote waliniazima, na kila mmoja alilitamka neno hilo mbele ya mama yangu ili awe shahidi. Mama akajibu kila mara kwamba kitu kitarudi. Kwa hiyo niliondoka nikiwa nimebeba ahadi ya mama mgongoni, mkononi na kichwani. Kama ningerudi bila cheti na bila vitu vya watu, yeye ndiye angekaa nao kanisani kila Sabato.

Mjomba hakuniazima chochote. Alisema hana kitu kinachofaa mtu wa mende.

Chuo kilikuwa katika mji mdogo kusini mwa Uswidi. Baridi haikunishinda, koti la Burma lilihakikisha hivyo. Lugha yao niliishika mapema kuliko wageni wenzangu wote, na mwenye nyumba alikuwa akinileta mbele ya wageni wake ili wanisikie nikiizungumza. Ninayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu pale Kebirigo yalibishaniwa.

Mwalimu wetu mkuu alikuwa mtu mrefu, mtulivu, mwenye kiko kisichotoka mdomoni. Alikuwa na sharti moja. Kazi ya mwisho ya kila mwanafunzi ilikuwa kulinganisha viumbe wawili, mmoja wa pale na mmoja wa kwao, na wote wawili walipaswa kuwa mezani, mkononi, si kwenye picha. Bila kazi hiyo hakuna diploma.

Kiangazi cha mwaka wa pili alitupeleka kwenye shamba moja la kale lenye mialoni mikubwa ajabu, miti ambayo watu kadhaa wakishikana mikono hawaizunguki. Tulikuwa tunamtafuta dundu ambaye hata huko Ulaya ni adimu sana. Anaishi ndani ya mialoni mizee iliyo hai lakini imekuwa na uwazi ndani yake, kwenye unga wa mti uliooza. Tulizunguka kutwa nzima. Wenzangu walipanda ngazi, wakamulika tochi kwenye mashimo, wakashuka mikono mitupu.

Walikuwa wanavuta sigara, wote, na mwalimu kiko chake. Mimi nililelewa Kisabato. Tumbaku haikuwahi kupita mdomoni mwangu. Nilikuwa nimesimama kando kuukwepa moshi wao, upepo ukageuka, nikasikia harufu ya mapera. Si mapera mabichi. Mapera yaliyoiva na kufungiwa sandukuni mpaka yamelainika. Uswidi hakuna mapera. Niliifuata harufu mpaka kwenye mwaloni mmoja ambao wenzangu walikuwa wameshaukagua.

"Yumo humu," nilimwambia mwalimu.

Alinitazama, akapanda ngazi mwenyewe, akaingiza mkono mpaka begani. Alipoutoa, juu ya kiganja alikuwa ameketi dundu wa rangi ya kahawia iliyokoza, karibu nyeusi, anayeng'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Mwalimu alieleza kwamba dume ndiye anayetoa harufu hiyo ili jike amfuate, na kwamba wenyeji humwita jina lenye maana ya dundu wa ngozi, kwa sababu kwa pua zao ni harufu ya ngozi iliyotengenezwa. Kisha alikitoa kiko mdomoni, akakitazama, akakitia mfukoni. Hakukiwasha tena siku ile.

Hapo ndipo nilipojitia kitanzi. Nilipomshika yule dundu niliyaona mabega yake, kifua chake kipana, makucha yaliyonishika kidole kama ndoano, nikautambua ukoo wake. Nikasema mbele ya darasa zima kwamba huyu ana ndugu kwetu, mwenye mistari myeupe, na ukubwa wake ni kama ngumi ya mtu.

Walicheka. Si kwa ubaya. Walicheka kama watu wanavyomcheka mvuvi anayesimulia samaki aliyemponyoka. Mmoja aliuliza kama hupandwa kama farasi. Mwalimu peke yake hakucheka. Alijua vitabuni kwamba yuko dundu wa namna hiyo Afrika, lakini alikuwa hajawahi kumshika.

"Basi, mletee ndugu yake," alisema. "Hiyo ndiyo kazi yako ya mwisho. Asipofika, huna kazi."

Nilimwandikia mama jioni ileile. Mama hakusoma, mwalimu wangu wa zamani, mwenye saa, ndiye aliyemsomea. Nilieleza dundu ninayemtaka, ambaye mama alimjua vizuri kwa sababu utotoni nilikuwa nikimfunga uzi mguuni na kumrusha uwanjani akivuma kama ndege ya jeshi. Nikaandika akaushwe vizuri sana asije akaoza njiani.

Mwanamke wa kwetu hahitaji kufundishwa kukausha wadudu. Kila msimu wa kumbikumbi mama alikausha wa kutosha jirani na wageni. Kifurushi kilipofika, nilikifungua mezani mbele ya mwalimu na darasa, na chumba chote kikajaa harufu ya jikoni kwetu. Mama alikuwa amepata madundu wawili. Aliwakaanga kwa moto mdogo, akawatia chumvi, akawaanika juani, akawafunga kwenye jani la mgomba lililokauka. Ukubwa walikuwa nao, na kicheko cha ngumi kilikwisha palepale. Lakini zile rangi nyeupe zilizokuwa kama mahameli zilikuwa zimelowa mafuta na kugeuka kahawia, na miguu ilikuwa imekunjamana kama ya kuku wa karamu. Hakuna kipimo kilichowezekana.

Mwalimu aliuvunja mguu mmoja, akauonja, akatafuna kwa makini.

"Chumvi imekolea," alisema. "Lakini huyu ni chakula, si kazi."

Sikumlaumu mama hata kidogo, wala simlaumu leo. Alifanya nilichomwomba, kwa ujuzi wote alionao. Niliandika barua nyingine. Safari hii nilisema akaushwe kivulini, asiguswe na moto, mafuta wala chumvi, na afungwe kwa pamba. Nilieleza pia kwamba muda wangu wa ufadhili unaelekea mwisho, na kwamba bila mdudu huyu nitarudi kama nilivyokwenda.

Tatizo ni kwamba miaka ileile watu wa upande wetu walikuwa wanafyeka vichaka ili wapande chai. Dundu yule hunywa utomvu wa miti, na kwetu alipenda zaidi vichaka vya omosabakwa, vile ambavyo watu waliviacha mipakani kwa ajili ya kuni na fito. Vilipofyekwa, naye akatoweka. Mama alitembea kingo zote za shamba letu na za majirani asimwone. Mwishowe aliamka alfajiri akaenda kwao Marani, kwa sababu boma la ng'ombe la mjomba lilikuwa bado limezungukwa na omosabakwa mnene.

Yaliyosemwa huko mama alinisimulia baadaye. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza kama ni kweli Wazungu hawanipi cheti mpaka mende wake afike. Mama akasema ni kweli. Akauliza kama yule wa kwanza mama alimkaanga. Mama akasema ni kweli pia. Mjomba alicheka kwa muda mrefu, kisha akaenda mwenyewe kwenye ua wake kila asubuhi, umande ukiwa bado juu ya majani, mpaka akampata dume aliyekuwa ameganda kwa baridi kwenye shina linalotoa maji. Alimkausha kivulini kwenye ghala la wimbi, akamlinda dhidi ya panya kama mtu anayelinda mbegu.

Alifika Uswidi ndani ya kopo la ugoro, amelazwa kwenye pamba ya zahanati. Mistari myeusi na myeupe kifuani, mabawa mekundu kama udongo yenye kingo nyeupe, pembe ndogo ya kichwani iliyogawanyika kama panda ya manati, miguu yote sita. Chini ya pamba palikuwa na karatasi ambayo mjomba alikuwa amemwandikisha mtu: "Huyu si zawadi. Nimekuazima kama ninavyoazima ng'ombe. Arudi."

Nilielewa vizuri. Kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote nyumbani. Aliwapeleka kwenye maboma ya watu wengine. Aliyepelekewa alikamua maziwa na kupata samadi ya migomba yake, lakini ng'ombe hakuwa wake hata kama angezeekea hapo. Siku mwenyewe akimwita, alirudishwa pamoja na uzao wake, na mwenyewe alimkagua pembe, masikio na kwato mbele ya watu.

Basi nikawa na wote wawili mezani, wa Marani na yule wa mwaloni aliyehifadhiwa chuoni. Nimefanya kazi nyingi tangu hapo, lakini sijawahi kuwa na furaha tulivu kama ya majuma yale, nikiwa peke yangu na lenzi, theluji ikianguka dirishani.

Ukubwa ndio wa kwanza kuonekana: yule wa mwaloni angeweza kujificha nyuma ya yule wa Marani kama mtoto nyuma ya mama yake. Lakini ukubwa si jambo kubwa. Nilianza na makucha, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya niutambue ukoo. Ya wa Marani ni ya mpanda miti. Hushika gome laini la kichaka na kuning'inia akinywa. Ya wa Uswidi yameumbwa vilevile, ila mafupi, kwa sababu yeye hana safari. Wengi wao huzaliwa, hukua, huoana na kufa ndani ya mti mmoja. Mwalimu alisema mti mmoja unaweza kulea vizazi vyao kwa muda mrefu kuliko umri wa ufalme. Wa kwetu ni msafiri. Buu lake hukua ardhini, hula kwa pupa na kunenepa haraka; la mwenzake hutafuna unga wa mti uliooza kwa miaka kadhaa, polepole, kama mtu anayeishi kwa mshahara wa serikali.

Wa kwetu amevaa rangi za kuonekana mchana, juani, juu ya mti. Yule wa mwaloni amevaa giza la nyumba yake, na kwa kuwa haonekani, Mungu akampa harufu. Hili la harufu liliniletea ubishi na mwalimu. Alimnusa dundu wa Marani, akaanza kuandika kwamba naye ana harufu, kali, ya majani makavu. Nikamzuia.

"Hiyo si ya dundu," nilimwambia. "Huyo ni mjomba wangu."

Nilimweleza habari ya kopo la ugoro. Akafuta alichoandika.

Nilihitimisha kazi yangu kwa jambo ambalo hakuna mwanafunzi mwenzangu ambaye angeliandika, kwa kuwa hawakuwa na macho ya pande zote mbili. Niliandika kwamba ndugu hawa wawili, mmoja anayekaa na mmoja anayesafiri, wana adui mmoja, naye ni mtu anayeona mti mzee au kichaka cha mpakani na kukiita uchafu. Uswidi waliikata mialoni iliyooza kwa sababu haikutoa mbao. Kwetu tulifyeka omosabakwa kwa sababu haukutoa majani ya chai. Mwalimu alipiga mstari chini ya maneno hayo, na diploma nikaipata kwa alama za juu.

Kabla sijaondoka aliniomba dundu wa Marani abaki kwenye kabati la chuo, penye wadudu wa nchi zote. Alisema chuo kingenipa fidia nzuri. Nilimjibu kwamba haiwezekani, dundu si wangu.

"Mjomba wako ni mtaalamu wa wadudu?" aliuliza.

"Ni mtaalamu wa kudai."

Alicheka, na hakuniomba tena. Siku ya kuagana alinitengenezea visanduku viwili vidogo vya mbao vyenye kifuniko cha kioo. Kimoja kilikuwa cha dundu wa Marani; ndani ya cha pili alitia dume wa mwaloni aliyemwokota akiwa tayari amekufa kwenye unga wa mti uleule nilioubaini kwa pua.

Nilirudi nyumbani miaka ya sabini ikiwa imeanza, nikaajiriwa katika ofisi ya kilimo mjini Kisii, nikapewa meza, kiti cha kuzunguka na watu wa kuniamkia. Diploma niliitundika mahali ambapo mgeni anaiona kabla hajaniona mimi. Lakini sikukubali sherehe wala kuchinjiwa kabla sijamaliza jambo moja, na mama alinielewa.

Jumapili moja nilivaa suti yangu mwenyewe na kuanza na jirani. Koti la Burma nililirudisha likiwa limefuliwa, limewekwa bitana mpya na vifungo vyote. Mzee alilivaa palepale ingawa jua lilikuwa linawaka, akatembea nalo mpaka sokoni Kebirigo ili wale waliosema baridi itanishinda walione. Mama wa kwaya alilipokea sanduku lake, akaona halina hata kutu, akalifungua akakuta humo blanketi la sufu. Mwalimu wangu wa zamani alikuwa amehamishiwa shule moja ya Keumbu. Nilimkuta anamwagilia miche. Saa yake ilikuwa imesafishwa na fundi wa Uswidi, na nilimfunga mkononi kama alivyonifunga mimi. Aliitazama, akaisikiliza, akasema haijawahi kwenda hivyo tangu ainunue.

Alasiri nilishuka Marani. Mjomba alikuwa ameketi karibu na boma, mkewe anapepeta wimbi mlangoni. Aliitika salamu zangu bila kuinuka. Omosabakwa ulikuwa bado umesimama pande zote, mnene kuliko nilivyoukumbuka.

"Mtu wa mende," alisema. "Wameniambia una ofisi."

"Ninayo, mjomba. Nimeleta ulichoniazima."

Nilimpa kisanduku. Hakufungua haraka. Aliita majirani wawili waliokuwa wanapita, akawaambia wasimame washuhudie. Ndipo akakishika kwenye mwanga na kukagua kama anavyokagua ng'ombe. Alihesabu miguu, upande mmoja kisha wa pili. Alitazama pembe, akatazama mistari ya kifuani, akageuza kisanduku ili aone tumbo.

"Ni yeye," aliwaambia majirani. "Hajakonda."

Walianza kucheka, lakini yeye alinyoosha mkono uliokuwa mtupu.

"Amekaa kwako miaka. Ndama wake yuko wapi?"

Majirani walinigeukia. Nadhani waliona nimepatikana. Nilitia mkono mfukoni, nikatoa kisanduku cha pili, nikamwekea kiganjani.

Alimtazama dundu wa mwaloni kwa muda mrefu. Aliwaweka wawili wale bega kwa bega magotini, akalinganisha mabega kwa mabega, makucha kwa makucha, sawasawa na nilivyofanya mimi, bila lenzi.

"Ni damu moja," alisema hatimaye. "Mbona mdogo na mweusi?"

"Alizaliwa kwenye baridi, mjomba. Alikulia ndani ya mti."

Alifungua kifuniko akamnusa. Hakusikia kitu, maana pua ile ilikuwa ya ugoro tangu ujana wake. Lakini mkewe aliyekuwa ameinama kutazama juu ya bega lake aliuliza ni nani ameleta mapera.

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Kisha aliwageukia majirani, akawaambia wamesikia na wameona: mpwa wake alikwenda kusomea mende, amerudi na mende mfukoni, na yeye hamdai tena. Aliingia ndani, akaviweka visanduku vyote viwili juu ya kabati, mkubwa na ndama wake, mahali ambapo mgeni yeyote angelazimika kuuliza.

Nilipotoka kwenye lango lake jua lilikuwa linaelekea kuzama na barabara ilikuwa kavu. Sikuwa na koti, sanduku wala saa. Kila kitu nilichokuwa nimevaa kilikuwa changu.